Denis Burkitt: Mpasuaji wa jicho moja aliyesifu chakula bila kuacha dawa

Basi linalotoka Kisumu likaipita Nyamasaria na kuifuata barabara kuu ya Nairobi hukata tambarare za Kano, likapita Ahero na Awasi, kabla ya kuanza kupanda kuelekea Kericho. Kwa abiria mabadiliko ni ya hewa tu: joto la ziwa hubaki nyuma na baridi ya mashamba ya majani chai huanza. Kwa madaktari wa watoto, hata hivyo, barabara hiyo huvuka mpaka ambao haumo katika ramani yoyote ya serikali. Huku chini, Nyamasaria na vijiji vyote vya ukanda wa ziwa, kuna saratani inayovimbisha taya za watoto, wengi wao wa umri wa chekechea na darasa la kwanza. Kule juu milimani, saratani hiyo ni nadra mno.

Aliyeutambua mpaka huo ni Dkt Denis Parsons Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi nchini Uganda kwa miaka 20. Maradhi yenyewe yanaitwa kwa jina lake hadi leo. Lakini ulimwengu wa nje ulimjua zaidi kwa jambo jingine kabisa, yaani kampeni yake ya kuwarudisha watu kwenye nafaka zisizokobolewa, mboga na maharagwe, chakula alichokiona mezani pa wanavijiji wa Afrika Mashariki. Kampeni hiyo baadaye ikawa mtaji wa wauzaji wa tembe za vitamini, unga wa mbegu na chupa za mitishamba, ambao mara nyingi husimulia nusu ya maisha yake na kuiacha nusu nyingine.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja ambaye saa zake za mapumziko alizitumia kuwavisha ndege vipete miguuni na kuchora ramani za mahali kila mmoja alipokuwa na makao. Kijana aliyelelewa katika nyumba hiyo alijifunza mapema kwamba swali la wapi linaweza kujibu swali la kwa nini.

Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa wavulana waliokuwa wakirushiana mawe. Miwani yake ilivunjika na akapoteza jicho moja. Licha ya hayo alijiunga na Chuo Kikuu cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, kisha akahamia udaktari kwa imani kwamba Mungu amemwita huko. Alihitimu mwaka 1935 na miaka mitatu baadaye akafuzu kuwa mpasuaji mjini Edinburgh.

Alipoomba kazi katika utumishi wa kikoloni barani Afrika alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyomfungulia mlango, kwani alijiunga na jeshi kama daktari, akaletwa Kenya, na wakati wa likizo akaizuru Uganda. Vita vilipomalizika aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, katika wilaya ya Lango. Hakuwa Burkitt wa kwanza kufanya kazi ya udaktari katika eneo hili. Ami yake, Dkt Roland Burkitt, alikuwa amejijengea jina Nairobi miaka mingi kabla, akijulikana kwa kuwatoa damu wagonjwa wa homa na kuwafunika shuka zilizoloweshwa maji baridi. Katika ukoo mmoja, basi, kulikuwa na tiba iliyotegemea mazoea ya daktari mwenyewe na tiba iliyotafuta kupimwa kwa hesabu.

Huko Lira, Burkitt aliwapasua wanaume wengi waliougua mabusha. Hakuridhika na kupasua tu. Aliandika kila mgonjwa alitoka wapi, na punde akaona kwamba mashariki mwa wilaya maradhi hayo yalijaa ilhali magharibi yalikuwa machache. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini ndani yake ulikuwamo mtindo wa kazi yake yote iliyofuata: daftari, ramani na swali moja.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Ilikuwa mwaka 1957 mwenzake, Dkt Hugh Trowell, alipomwita wodini kumwangalia mvulana wa miaka mitano. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba pande zote nne za taya, juu na chini, kushoto na kulia. Maambukizi ya kawaida ya meno hayafanyi hivyo. Majuma machache baadaye, akiwa ziarani Jinja, Burkitt alichungulia dirishani akamwona msichana mwenye uso kama ule ule, na alipompima akakuta uvimbe tumboni pia. Alirudi Kampala akapekua rekodi za hospitali, na hapo akagundua kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo, ambao madaktari walikuwa wakiuandika kama maradhi tofauti, ulikuwa ugonjwa mmoja. Taarifa yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1958.

Yafaa kueleza jinsi ugonjwa huo unavyoanza, kwa kuwa hapo ndipo maisha ya watoto wengi hupotelea. Mara nyingi dalili ya kwanza ni meno kulegea. Mzazi hudhani ni meno ya utotoni yanayong'oka kabla ya wakati wake, au jino lililooza. Taya huvimba, pengine jicho husukumwa nje. Uvimbe huo ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote zinazowapata wanadamu, na unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Wiki mbili za kung'olewa meno, za kuchanjwa na kupakwa dawa ya majani, au za kunyweshwa maji ya mwarobaini, si wiki mbili za kawaida kwa mtoto kama huyo.

Burkitt alianza kwa kisu, kwa kuwa ndicho alichokijua. Alikata nyuso za watoto na uvimbe ukarudi. Mashine za kutibu kwa miale hazikuwapo Uganda. Alichobaki nacho ni dawa mpya za saratani zilizokuwa zikijaribiwa Marekani, ambazo baadhi yake alizipata kwa msaada wa watafiti wa New York. Mjini Nairobi, Dkt Peter Clifford naye alikuwa akizitumia kwa watoto wenye uvimbe huo huo. Matokeo yaliwashangaza hata waliozitoa. Uvimbe uliofunika nusu ya uso uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto, wakiwa wamepewa dozi chache tu, walipona wasiugue tena. Wakati huo madaktari wengi duniani waliamini kuwa hakuna saratani inayoweza kuponywa kwa dawa peke yake. Ushahidi kwamba inawezekana ulitoka, kwa sehemu kubwa, kwa watoto wa Uganda na Kenya. Mwaka 1972 Burkitt alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi hiyo.

Moja ya dawa alizozitumia ina historia ambayo wapenzi wa mitishamba wangefurahi kuijua. Vinkristini hutokana na mmea mdogo wa maua ya waridi wenye asili ya Madagascar, unaopandwa kama pambo katika bustani nyingi za Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Kanada walitumiwa majani yake kutoka Jamaica, ambako wenyeji waliyachemsha na kunywa wakitibu kisukari. Kwa kisukari hayakuonyesha lolote la maana katika maabara, lakini yalipunguza chembechembe nyeupe za damu, na hapo ndipo fununu ya dawa ya saratani ilipotokea. Burkitt alichapisha matokeo ya vinkristini kwa wagonjwa wake mwaka 1966.

Hata hivyo, ili kupata gramu moja ya dawa hiyo huhitajika mamia ya kilo za majani makavu. Dozi ya mtoto hupimwa kwa sehemu ndogo mno za gramu, hutiwa mshipani, na ikizidi huharibu neva. Anayechemsha majani hayo sufuriani hana njia ya kujua ndani ya kikombe mna kiasi gani, wala vitu gani vingine vimo. Mmea ni ule ule. Kinachotenganisha kikombe na sindano ni kipimo.

Akiwa bado anatibu, Burkitt alirudi kwenye ramani zake. Kwa fedha kidogo alituma karatasi zenye picha za watoto wagonjwa kwa hospitali za serikali na za misheni kote barani, akiuliza kama ugonjwa huo unaonekana huko. Majibu yalichora mkanda uliokatiza katikati ya Afrika. Oktoba 7, 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili rafiki zake, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, kwenda kutafuta ukingo wa mkanda huo upande wa kusini. Safari ilidumu wiki kumi na kufika hadi Afrika Kusini. Walisafiri takriban kilomita 16,000 na kupita katika hospitali zaidi ya 50. Gharama yote haikufika pauni 700, fedha ambazo leo hazingetosha kongamano la siku moja.

Waliporudi, ukingo ulikuwa umejulikana. Ugonjwa ulikoma palipokuwa na baridi na palipokuwa na ukame. Karibu na ikweta haukuwapo sana katika nchi zilizo juu ya takriban mita 1,500. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Kericho na Nandi ziko juu zaidi ya kiwango hicho. Ilikuwa ramani ya mbu, na baadaye ikaeleweka kuwa ni ramani ya malaria kali ya kila mwaka. Hata Unguja na Pemba, zilizo na joto na mvua za kutosha, hazikuwa na wagonjwa wengi, na huko kulikuwa kumefanyika kampeni kubwa ya kuiangamiza malaria.

Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Kati ya wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein, ambaye baada ya hapo alianza kuletewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi vipya vilivyoonekana ndani ya chembechembe za uvimbe huo. Ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 55. Angeweza kupumzika. Mwaka uliofuata alikutana na Kapteni T.L. Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa akidai kwamba kisukari, kuoza meno, maradhi ya moyo na ya utumbo yana mzizi mmoja: sukari na unga mweupe. Wataalamu wengi walimwona Cleave kuwa mtu wa wazo moja. Burkitt alimsikiliza kwa sababu maneno yake yalimkumbusha wodi za Mulago. Katika miaka 20 ya upasuaji alikuwa ameona wagonjwa wachache mno wa kidole tumbo, bawasiri, mawe ya nyongo au saratani ya utumbo mpana, maradhi yaliyozijaza hospitali za Uingereza. Trowell naye, aliyefanya kazi Kenya kabla ya Uganda, alikuwa na kumbukumbu kama hizo.

Basi zile karatasi zikatumwa tena, safari hii kwa hospitali za misheni zaidi ya 100, zikiuliza kila mwezi ni wagonjwa wangapi wa maradhi hayo wameonekana. Burkitt pia alianza kupima jambo ambalo waungwana hawakulizungumza mezani, yaani kinyesi. Watu walimezeshwa vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwa eksirei, na muda wa kutoka kwake ukahesabiwa. Katika makala aliyoyaandika mwaka 1972 pamoja na Alec Walker na Neil Painter, wanavijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 za choo kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa siku moja na nusu hivi. Mabaharia wa Uingereza walitoa gramu 100 hivi, na safari ya chakula chao ikachukua zaidi ya siku tatu.

Tofauti aliiona kwenye nyuzinyuzi, sehemu ya mmea ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuisaga, na ambayo hadi wakati huo wataalamu wa lishe waliiona kuwa takataka. Kwa wakazi wa pwani ya ziwa, chakula alichokisifu hakihitaji maelezo: ugali wa mtama au wimbi uliosagwa na maganda yake, nyoyo ya mahindi na maharagwe, mboga za osuga, dek na apoth. Mashine za kukoboa na unga mweupe wa paketi ndizo alizoziona kuwa adui. Alizunguka dunia akihutubia, akionyesha picha za choo kilichopigwa kando ya njia za vijijini, na ukumbi ukicheka kabla ya kunyamaza. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu nyuzinyuzi kilisomwa na watu wa kawaida katika nchi nyingi.

Je, alikuwa sahihi? Kwa sehemu. Wapinzani wake walisema kwa haki kwamba wanavijiji wa Afrika walitofautiana na Waingereza kwa mengi: walitembea, walikula nyama kidogo, wengi walikuwa vijana, na wazee waliougua saratani hawakufika hospitalini wahesabiwe. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa Marekani mwaka 2000 yalionyesha kuwa kuongeza nyuzinyuzi kwa miaka michache hakukuzuia vivimbe vya utumbo kurejea kwa watu waliokwisha kutolewa. Kwa upande mwingine, uchambuzi mpana uliofanywa kwa ombi la Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba walaji wa nyuzinyuzi nyingi walipatwa na vifo, maradhi ya moyo, kisukari na saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 15 hadi 30 pungufu ya wasiozila. Na vyakula vya asili si kinga ya kila kitu. Saratani ya umio imewasumbua kwa miaka mingi wakazi wa nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, wengi wao wakulima wanaokula mazao ya mashamba yao wenyewe.

Hapo ndipo njia ya Burkitt ilipoachana na ya waliochukua chakula wakakitia kwenye kichupa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Linus Pauling, mwanasayansi wa Marekani aliyeshinda Tuzo ya Nobel mara mbili, alitangaza kwamba vitamini C kwa wingi huwaongezea maisha wagonjwa wa saratani. Hospitali ya Mayo ililijaribu dai hilo na kutangaza mwaka 1979, na tena 1985, kwamba haikuona faida yoyote. Nchini Ufini, wanaume 29,133 waliovuta sigara waligawanywa katika makundi, baadhi wakapewa tembe za betakarotini, kitu kile kile kinachoipa karoti rangi yake. Matokeo ya mwaka 1994 yalikuwa kinyume cha matarajio: waliomeza tembe hizo walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Walaji wa karoti na sukuma wiki hawakuwahi kudhurika hivyo.

Si kwamba tembe zote ni bure. Vitamini A inayotolewa kwa watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano kila baada ya miezi sita ina ushahidi wake, kwa sababu inaziba upungufu unaojulikana. Kinachokosa ushahidi ni kumeza rundo la tembe ili kuponya ugonjwa ulioingia, na kuacha dawa inayouponya.

Burkitt mwenyewe hakuwahi kufanya kosa hilo, na hii ndiyo nusu inayosahauliwa. Nyuzinyuzi kwake zilikuwa za kuzuia. Alipenda kufananisha udaktari wa kisasa na watu wanaopiga deki maji yanayomwagika sakafuni wakati bomba liko wazi, na aliwataka wenzake wafunge bomba. Lakini mtu aliyeona uso wa mtoto ukirudi kuwa uso kwa siku chache za sindano hakuwa na sababu ya kuitukana sindano. 

Dkt Burkitt alifariki Machi 23, 1993 mjini Gloucester, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82. Alimwacha mkewe Olive, muuguzi aliyemwoa mwaka 1943, na mabinti watatu.

Kisumu imeendeleza kazi aliyoianza. Watafiti wa taasisi ya KEMRI na washirika wao kutoka Marekani wamewalinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi, wakakuta kwamba watoto wa ukanda wa malaria kali hubeba virusi vya Epstein na Barr kwa wingi zaidi katika damu yao, kana kwamba malaria huilegeza kinga iliyopaswa kuvidhibiti. Watoto wenye uvimbe wamekuwa wakitibiwa katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi wa Kisumu wameiita Russia tangu ilipojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Dawa zenyewe zinatokana na zile za Mulago, vinkristini ikiwa mojawapo. Tatizo la tangu enzi za Burkitt halijaondoka: watoto hufika wakiwa wamechelewa.

Septemba 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto wa ukanda wa ziwa nchini Kenya. Watoto wa kwanza kuchanjwa wanaingia sasa katika umri ambao uvimbe wa Burkitt hupenda kujitokeza, na ikiwa ramani yake ilisomwa vyema, idadi ya wagonjwa kati ya Nyamasaria na mpando wa Kericho inapaswa kuanza kushuka.